Dhiraa moja ya asumini

Watu wakisikia nimekaa India wiki nane wananiuliza mambo mawili tu, Taj Mahal na yoga. Taj Mahal iko Agra jamani, mi nilikuwa Chennai, kule chini kusini mashariki, kutoka hapo mpaka Agra kwa treni ni zaidi ya siku nzima. Na yoga sijafanya hata siku moja. Nilikwenda kumuuguza mama.

Mama yangu ni mtu wa Tanga, ana miaka 58, na valvu moja ya moyo ilikuwa imeharibika tangu zamani, homa ya baridi yabisi ya utotoni ambayo hakuna aliyeijua wakati huo. Najua mtu atasema mbona siku hizi hata Dar wanapasua moyo, ni kweli, wanapasua na watu wanapona, ila kwetu mjomba ndo mwenye sauti na mjomba kuna jamaa yake alitibiwa Chennai akarudi anacheza bao, basi ikawa Chennai. Michango ikapita, grupu la WhatsApp likafunguliwa, likaitwa AFYA YA MAMA, watu 64, na mimi kwa kuwa sina mtoto mdogo na bosi wangu alinielewa nikapewa pasipoti mbili na bahasha ya dola nikaambiwa haya nenda na mama yako.

Tukafika mwishoni mwa Novemba. Kule huo ndo msimu wao wa mvua, kwetu vuli, na ile mvua si ya kitoto, tumetoka airport barabara imegeuka mto, bajaji zinapita maji yakiwa nusu ya tairi na dereva anapiga honi utadhani maji yatasogea. Mama kanishika mkono kimya. Alikuwa na siku nyingi hasemi sana. Mtu ambaye nyumbani akianza kuongea anapika pilau mpaka linaiva hajamaliza sentensi, tangu aambiwe habari ya moyo alikuwa anajibu ndio, hapana, sawa.

Na mimi nilijiona najua Kihindi kwa sababu nimekua na sinema za Kihindi. Bwana wee. Chennai wanaongea Kitamil, nikimwambia dereva "kitna?", yaani kiasi gani, ananiangalia kisha ananijibu kwa Kiingereza, tena kwa upole wa kumjibu mtu aliyepotea. Baadae nikajifunza maneno yangu matano, vanakkam ya kusalimia, seri yaani sawa, akka dada mkubwa, amma mama, na saptingala, umekula? Hiyo saptingala ndo niliipenda, maana wanakuuliza asubuhi, mchana, mlangoni, kwenye lifti. Hata yule mlinzi wa hospitali aliyekuwa ananizuia kila siku kuingia wodini kabla ya saa ya kuona wagonjwa, ananizuia alafu ananiuliza umekula.

Operesheni sitaisimulia. Ilichukua masaa matano na mimi nilikaa kwenye kiti cha chuma nikasoma Yasin mpaka nikachanganya aya. Alitoka salama, Alhamdulillah. Ila nitasimulia dirisha la malipo maana hata leo nikikumbuka nacheka. Siku ya tatu naitwa, yule dada wa dirishani ananiambia kuna nyongeza, laki mbili. Mi nikashusha pumzi, nikasema moyoni laki mbili tu, nikafungua pochi kabisa. Laki ni laki, si ndio? Neno lenyewe tumelitoa hukohuko kwao. Sema laki yao ni ya rupia, na rupia moja kipindi kile ilikuwa inakaribia shilingi thelathini, yaani nyongeza ilikuwa kama milioni sita. Nilikaa chini palepale kwenye tailsi. AFYA YA MAMA ikaanza upya, mjomba akatuma voisi ya dakika sita.

Baada ya wodi tukahamia lodji, mtaa wa Thousand Lights, jina limetoka kwenye msikiti mkubwa uliopo pale barabarani, Anna Salai. Eneo lile lote linaishi kwa wagonjwa. Vyumba vidogo vyenye jiko la pamoja mwisho wa korido, majirani zetu kushoto Wabangladeshi, kulia familia ya Kolkata, maduka yana mabango ya Kibengali kuliko hata Kitamil, na kila mtu unayekutana naye kwenye ngazi ana bahasha ya eksirei kwapani. Unajua mtu ana nini kwa anavyopanda ngazi.

Valvu waliyomwekea mama ni ya chuma, na hakuna aliyenitayarisha kwamba INALIA. Usiku wa kwanza lodji, taa imezimwa, feni imezimwa kwa sababu ya kifua chake, nikaanza kusikia tik, tik, tik, nikadhani saa. Nikaamka kutafuta saa. Hakuna saa. Nikasogea kitandani kwake nikaisikia inatoka kifuani kwa mama yangu. Sikulala mpaka adhana ya alfajiri, nikiihesabu, nikisubiri ikosee. Kila ikichelewa kidogo na mimi moyo wangu unasimama. Nikaishi hivo usiku kama sita, mchana najibu meseji za watu 64, amekula nini, presha ngapi, mbona picha ya leo amekonda, na nikawa na ile tabia ya kukokotoa kesho, kesho vipimo, keshokutwa pesa, Ijumaa daktari. Mwili upo Chennai akili ipo Ijumaa.

Daktari aliagiza mambo matatu. Avute kile kidude cha plastiki chenye vigololi vitatu, unavuta pumzi vigololi vinapanda. Akikohoa akumbatie mto ili kifua kisivute mshono. Na atembee, leo dakika tano, kesho saba, hivohivo. Mama vigololi alivichukia. Kutembea alikubali kwa shingo upande, saa kumi jioni jua likipoa tunashuka taratibu, anashika ukuta, mi nashika stuli ya plastiki ya kumkalisha akichoka.

Siku ya nne ya kutembea tukafika kona. Na pale konani, chini ya mwarobaini, kuna mama mmoja amekaa kwenye gunia, mbele yake ndoo, sinia na rundo la vitumba vya asumini.

Mama akasimama. Sijui niseme alisimama vipi, kama mtu aliyeitwa jina. Kwa msiojua, Tanga kwetu mama alikuwa mtunga vikuba. Harusi za mtaani, asumini na rehani na mkadi, anakaa barazani mkeka umetandikwa, sindano, uzi, na wenzake wanne, mtu akipita lazima asutwe kidogo. Alipougua aliacha kwa sababu mikono ilikuwa inamvimba. Akaniambia weka stuli. Nikaweka. Akakaa akatazama.

Yule mama wa maua hakuwa na sindano. Hapo ndo mama yangu alipochanganyikiwa. Anachukua vitumba viwili viwili anavilaza kwenye uzi wa mgomba, ule utembo wa mgomba uliolowekwa majini, alafu vidole vinafanya kitu, zungu, vuta, tayari, viwili vingine. Haraka hivo kwamba jicho halioni fundo limepita wapi. Na mdomo unaongea na wateja, na mkono wa pili unapokea hela. Mteja akija anapima kuanzia kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati, anakata, anafunga kwenye kipande cha jani. Kipimo chao wanakiita muzham.

"Dhiraa!" Mama akasema kwa sauti, na ilikuwa sauti yake ya barazani ambayo nilikuwa sijaisikia miezi minne. "Wee mwana, si dhiraa ile? Mbona wanapima kwa dhiraa kama bibi yako!"

Yule mama akacheka ingawa hajaelewa kitu. Saptingala, amma? Nikamtafsiria mama, anakuuliza umekula. Mama akamwambia kwa Kiswahili kabisa, nimekula lakini chakula chenu hakina ladha, kile cheupe kama mkate wa kumimina uliosahaulika sukari. Alikuwa anasema idli. Yule mama akatikisa kichwa, ile ya kwao ya kulia kushoto ambayo inaweza kuwa ndio, hapana au nimekusikia, na akamsogezea vitumba.

Basi toka siku ile dawa ya kutembea haikuhitaji mtu kusukumwa. Saa tisa na nusu mama kavaa baibui anauliza mbona unachelewa. Anakaa kwenye stuli, vitumba mapajani, mikono haiinuki juu kwa sababu ya kifua, inafanya kazi hapo hapo chini ambapo daktari hana neno. Ile fundo ilimshinda siku tatu. Maua yanaanguka, yule mama anayaokota anayarudisha, hasemi kitu, anafunga moja polepole mbele ya macho yake, alafu tena. Siku ya nne mama akafunga mkono mzima, yaani dhiraa, bila ua kuanguka, kaunyanyua juu kidogo, nikaona jasho puani kwake.

Na mimi? Mi nilikuwa sina kazi. Hii nataka niiseme vizuri kwa sababu ndo sababu ya kuandika. Mwanzoni nilikuwa nakaa pembeni kwenye kingo ya barabara na simu, najibu grupu. Siku moja chaji ikaisha. Nikakaa tu. Nikaanza kuona vitu, mzee wa chai upande wa pili anamwaga kahawa kutoka kikombe kimoja cha chuma kwenda kingine kwa juu kabisa mpaka ifanye povu, haimwagiki hata tone. Wasichana wa ofisini wanashuka kwenye basi saa kumi na moja wanasimama dakika moja kununua asumini, wanaipachika kwenye nywele bila kioo, wanaondoka. Ng'ombe anapita anakula maganda ya ndizi, hakuna anayemshangaa. Nikaangalia saa ya mama, limepita lisaa na nusu na sikuwa nimewaza Ijumaa hata mara moja. Nikashtuka, nikaona kama nimefanya kosa. Kesho yake simu nikaiacha chumbani makusudi, nikawaambia AFYA YA MAMA taarifa zitatoka mara moja kwa siku baada ya isha. Mama mdogo akasusa siku mbili, akarudi.

Usinielewe vibaya, sijasema India ni nchi ya utulivu. Honi za Chennai zinaweza kukutoa wazimu, kuvuka Anna Salai ni lazima ulete shahada, na mtaa huo huo wenye maua una mtaro unanuka. Wanaokuja na kuandika kwamba masikini wa India wana amani moyoni mi nawaona wanajifurahisha, yule mama wa maua alikuwa anaamka saa tisa usiku kufuata mzigo soko kubwa la Koyambedu na miguu yake ilikuwa imepasuka visigino mpaka damu. Amani yake siijui. Naijua yangu, ilikuwa kwenye kingo ya barabara.

Kulikuwa na jambo moja. Mama alipomaliza ule mkono wake wa kwanza alitaka kumpachika yule mama kwenye nywele, heshima ya kwetu, umenifundisha nakupamba. Yule mama akarudisha kichwa nyuma haraka, akacheka lakini macho hayakucheka. Kijana wa mapokezi lodji ndo aliyetuelewesha usiku, kwamba ni mjane, na kwa mila zao za zamani mjane havai maua kichwani. Wengine siku hizi wanavaa, yeye havai. Anauza maua kutwa, havai. Mama, ambaye na yeye ni mjane mwaka wa tisa na kila harusi anavaa kikuba chake, alikaa kimya muda mrefu. Nilidhani atasema kitu kuhusu mila. Kesho yake akachukua vitumba vitano akavifunga, akaviweka kwenye mfuniko wa kibati cha chakula cha yule mama, karibu na magoti yake. "Kichwani mwiko, sawa," akasema, "pua haina mwiko." Hakuna aliyetafsiri. Vitumba vilikaa pale mpaka jioni vikafunguka, na yule mama hakuviuza.

Tulipanga kurudi tarehe 28 Desemba. Ile valvu ya chuma inataka unywe dawa ya kuzuia damu isigande, na kipimo cha damu kilitakiwa kisome kati ya 2.5 na 3.5, mama akawa anasoma 1.8. Daktari akasema hapana, hamsafiri. Kingekuwa kipindi kile cha mwanzo ningelia. Nikabadilisha tiketi, nikalipa faini ya shirika la ndege, nikashuka na stuli.

Ndo tukaangukia mwezi wao wa Margazhi, katikati ya Desemba mpaka katikati ya Januari. Alfajiri kabla ya jua, spika za mahekalu zinaimba mbali, adhana inatoka msikitini, na wanawake wanatoka milangoni na ndoo, wanafagia, wanamwagia maji chini, alafu wanachora kolam kwa unga wa mchele. Unga unadondoka katikati ya vidole viwili kama uzi. Wanaweka nukta kwanza, kisha mstari unazizunguka nukta zote na kurudi ulikoanzia. Siku za kawaida wanachora ndogo, Margazhi wanachora za kuziba njia. Mfagizi wa lodji yetu alikuwa anachora ya kwake mlangoni, na saa mbili asubuhi bajaji ya kwanza inapaki juu yake. Sisimizi wanabeba unga uliobaki. Nikamuomba nijaribu, akanipa bakuli, wallahi mstari wangu haukurudi ulikoanzia, ulienda ukaishia kwenye ngazi. Aliniangalia, akaongeza nukta tatu, akaufanya mkia wa tausi.

Maua nayo yakaanza kupanda. Kipindi kile kina baridi ya asubuhi na umande, asumini inazaa kidogo, na huku Pongal, sikukuu yao ya mavuno, inakaribia kila mtu anataka. Dhiraa iliyokuwa rupia 40 ikafika mia. Wateja wanagomba, yule mama anarusha mikono, anaonyesha juu mbinguni, anaonyesha upande wa sokoni. Mama yangu akajifunza neno lake la kwanza la Kitamil bila mimi, vilai, bei. Ikawa mteja akinyanyua sauti tu mama naye kutoka kwenye stuli anadakia "vilai! vilai!" na kutikisa kichwa kulia kushoto, mjane wa Tanga na baibui lake, watu wanacheka wanalipa.

Siku ya Pongal mfagizi alitualika uani. Chungu kipya, mchele mpya, maziwa, sukari guru, miwa imeegemezwa ukutani. Maziwa yakaanza kupanda, mama kwa mazoea akaruka kutaka kupunguza moto, mama huyu ambaye nimechapwa na yeye mara ngapi kwa sababu ya maziwa kumwagika, wakamshika. Acha! Acha imwagike. Yakafurika kwenye jiko, wote wakapiga kelele "Pongalo Pongal!", watoto wanaruka. Mama akaangalia maziwa yanaungua kwenye kuni. "Subhanallah," akasema, "na mimi nilikupiga bure."

Tukaondoka siku tatu baadae, damu ikiwa 2.7. Yule mama wa maua alimpa utembo wa mgomba umeviringwa kwenye gazeti, mama akampa kanga yake ya pili, ile yenye maandishi, yule mama akapitisha kidole kwenye maandishi akauliza nini, nikashindwa kumtafsiria methali kwa maneno yangu matano. Wakabadilishana namba kupitia simu ya kijana wake. Nikacheka moyoni, namba za nini, wataongea nini.

Sasa hivi mama yupo Tanga, kisamvu anakula kwa kipimo kwa sababu ya ile dawa na analalamika kila mlo. Nikienda nalala chumba kimoja naye, tik, tik, na usingizi unakuja kwa sauti hiyo, nikirudi Dar kwangu naona kimya kimezidi. Mkeka umerudi barazani. Anafunga asumini bila sindano, wenzake wanasema yataanguka, hayaanguki.

Na zile namba. Kila wiki inaingia voisi kutoka Chennai, Kitamil kitupu. Mama anaisikiliza mpaka mwisho simu ikiwa sikioni, anatikisa kichwa kulia kushoto, alafu anamrushia yake kwa Kiswahili, ndefu, na habari za mtaa zote. Juzi ilikuja ya dakika tatu na sekunde kumi na mbili. Nikamuuliza, mama, kwani amesema nini?

"Anasema maua yamepanda bei."